"Tairi likipasuka nitanunua wapi?" Kanda ya 2003 na jinsi runinga ilivyowaonyesha wenye ulemavu huku Kaskazini

#1 KandaZaZamani (Moshi)

Wakuu, shikamooni mliotutangulia, na wengine habari za Jumapili.

Wiki iliyopita nilikuwa nahamisha vitu vya marehemu baba pale Majengo, nikakuta sanduku langu la kanda. Kuanzia 1998 hadi 2006 nilikuwa mpiga picha wa kujitegemea. Nilikuwa nauza habari za Moshi na Arusha kwa kituo kimoja cha runinga cha Dar es Salaam. Kanda nyingi zimeota ukungu, lakini moja ya 2003 bado inacheza.

Ni hafla ya kukabidhi viti mwendo. Hata kama hukuwepo picha yake unaijua: meza yenye kitambaa cheupe, chupa za maji, viti mwendo kumi na viwili vimepangwa mstari, na wanaovipokea wamekaa chini kwenye jua wakisubiri hotuba ziishe. Habari iliyoenda hewani ilikuwa ya dakika moja na nusu. Ndani yake mgeni rasmi anasukuma kiti, watu wanapiga makofi, na mama mmoja anafuta machozi kwa khanga.

Kumbe baada ya hafla nilisahau kuzima kamera. Watu wanatawanyika, picha imeinama inaonyesha miguu na nyasi, ila sauti ni safi. Yule mama wa khanga anamuuliza mmoja wa waandaaji: "Na tairi likipasuka nitanunua wapi?" Anajibiwa: "Mama, shukuru kwanza." Kisha kanda inaisha.

Nimeisikiliza sehemu hiyo mpaka mke wangu ameniuliza nina nini. Mimi nilikuwa pale! Nilisimama hatua tatu kutoka kwa yule mama, na habari yenyewe ilikuwa ile. Lile ni swali la mnunuzi: kipuri kinapatikana wapi, kwa bei gani, kina ukubwa gani. Mimi nikapeleka Dar machozi.

Naomba tukumbushane, bila kutupiana maneno. Nani anakumbuka runinga ikimwonyesha mtu mwenye ulemavu wa huku kwetu akiwa sokoni, dukani, benki au stendi, akilalamikia huduma kama mteja mwingine yeyote?

#2 MekuWaKiboriloni

Mkuu, heshima yako, ila hapa tutofautiane kidogo. Kaka yangu alikuwa anatambaa kwa magoti, ameweka vipande vya tairi la gari chini. Kiti alikipata kwenye hafla kama hiyo, na aliyekileta alikileta kwa sababu kamera ingekuwepo. Bila machozi ya kwenye runinga kaka angetambaa mpaka leo. Msizibeze hafla.

#3 MikonoInasema (Sakina, Arusha)

Mimi ni kiziwi tangu nikiwa na miaka minne, kwa homa ya uti wa mgongo. Nitaeleza nilichokiona, maana kuona ndiyo kazi yangu.

Nyumbani saa mbili usiku runinga ikiwaka kila mtu alikuwa anainyamazia. Nilijua ni habari kubwa kwa kutazama uso wa baba. Siku moja walionyesha bidhaa bandia zikiteketezwa. Nikaona maboksi, petroli ikimwagwa, kisha moto. Ofisa alizungumza muda mrefu, na chini ya picha pakaandikwa jina lake na cheo chake. Jina la bidhaa halikuandikwa popote. Nikamvuta kaka mkono, naye akaniashiria nisubiri. Habari ikaisha, ikaja michezo, kaka akawa amesahau.

Asubuhi nikasimama bafuni nimeshika dawa ya meno. Sikujua kama ni ile iliyochomwa. Nikaitumia.

Watu wanatuambia tusome maandishi. Lugha yangu ya kwanza ni ya alama, Kiswahili nimekiongeza shuleni kwa shida. Maneno yanayokimbia chini ya skrini yanapita kabla sijafika katikati. Siku hizi mkalimani yupo kwenye baadhi ya taarifa, na ninashukuru kwa dhati, ila kisanduku chake ni kidogo kama stempu. Tangazo la biashara likipita chini linamfunika mikono. Katika lugha yetu hata uso ni sarufi: nyusi zikipanda hilo ni swali. Nisipoona nyusi sijui kama anauliza au anataarifu.

Jambo jingine. Watangazaji wa zamani walikuwa wakituita "bubu". Mimi nina sauti, nacheka kwa sauti, watoto wangu nawaita kwa sauti. Sisikii tu.

#4 ChaliiWaNgarenaro

Mimi nakumbuka habari za lumbesa tu. Magunia ya vitunguu na viazi yameshonewa mlima juu, mkulima analia, watu wa vipimo wanakuja na mzani, wanapita. Mwaka unaofuata lumbesa zile zile. Mwenye ulemavu kwenye habari hizo sikumbuki hata mmoja, na pale sokoni wapo kibao wanauza na kununua.

#5 FundiVingamuzi (Moshi)

KandaZaZamani umenigusa, maana mwaka 2013 mimi ndiye niliyekuwa juu ya mapaa ya watu.

Kwa wadogo waliokuwa hawajapata akili: runinga za analojia zilizimwa kwa awamu. Dar walitangulia, 31 Desemba 2012. Zikafuata Dodoma na Tanga, kisha Mwanza. Zamu yetu Arusha na Moshi ilipangwa 31 Machi 2013. Huna king'amuzi, unabaki unatazama chenga. Vituo viliripoti sana malalamiko: bei ya king'amuzi, foleni, picha kuganda mvua ikinyesha, na watu kukosa hata chaneli za bure kifurushi kikiisha. Hayo yote ni haki ya mlaji na yalistahili kuripotiwa.

Sasa sikilizeni hili ambalo sikuliona likiripotiwa. Kule Longuo nilikuwa na mteja, mzee asiyeona, mwalimu mstaafu. Alikuwa na runinga ya kizamani yenye kitasa cha kuzungusha. Chaneli zake alizijua kwa kuhesabu mibofyo. Mbofyo wa pili kituo hiki, wa nne kile. Sauti kulia, kuwasha kushoto. Alikuwa haombi msaada wa mtu. Mjukuu akitaka katuni alimwambia "ngoja habari ziishe" na kitasa kikabaki mkononi mwake.

Nikamfungia king'amuzi. Rimoti ina vitufe arobaini vilivyofanana, na menyu haisemi neno. Akikosea kitufe anaingia kwenye mipangilio, sauti inakatika, na hajui yuko wapi. Anakaa hivyo mpaka mtoto arudi shule. Nilirudi kwake mara tatu bila malipo. Mwisho nikambandikia punje ya mchele kwa gundi kwenye kitufe cha OK, mbili kwenye cha kurudi nyuma. Ile nukta ndogo iliyopo kwenye namba 5 alikuwa ameshaigundua mwenyewe.

Aliniambia, "Mwanangu, serikali imehamia dijitali, mimi nimehamishiwa kwa mjukuu." Hilo ni lalamiko la mteja aliyelipa pesa sawa na wenzake akapewa kifaa asichoweza kukitumia. Nilimpigia simu mwandishi mmoja niliyemfahamu. Akaniuliza kama yule mzee ana shida ya chakula au ya mavazi, ili wamtafutie wafadhili.

#6 SadoMoja (Arusha)

Asante fundi, Mungu akubariki kwa hizo punje. Mimi pia sioni. Simu inanisomea, nami nawajibu.

Nanunua soko la Kilombero hapa Arusha zaidi ya miaka ishirini. Maharage, njegere, mahindi, vyote kwa kisado, kile kindoo kidogo cha kupimia. Niwaambie siri ya kisado: wenye macho mnatazama mlima wa juu. Muuzaji akiurundika vizuri mnaridhika. Mimi nashika chini. Kitako kilichobonyezwa kuelekea ndani nakisikia kwa vidole viwili kabla hajaanza kumimina. Nikikuta kimebonyea nasema, "Kaka, niletee kisado kingine, hiki kimeugua." Wakanizoea. Ikafika mahali akina mama wengine wananisubiri mimi nishike kwanza ndipo wao wanunue.

Kisha ikaja mizani ya kidijitali. Ni mizuri kwa wengi, siipingi. Ila namba zake hazishikiki. Ule ujuzi wangu wa vidole ukaishia hapo. Sasa nyama naambiwa ni kilo, naamini. Na pesa za simu ni hivyo hivyo. Zilipoingia mwaka 2008 tuliona ni ukombozi, kwa kuwa hatubebi tena noti za kubabaisha. Lakini wangapi kati yetu wamelazimika kumtajia wakala namba ya siri kwa mdomo, foleni nzima nyuma inasikia?

Wakati fulani, miaka mingi iliyopita, kamera ilinikuta sokoni. Nilifurahi, nikajua leo nitasema la vipimo. Mwandishi akaniuliza, "Unajisikiaje kuishi bila kuona?" Nikamjibu kwamba nimekuja kununua njegere na nimepunjwa. Akarudia swali lile lile kwa sauti ya upole zaidi. Usiku majirani waliniambia nimeonekana, na kwamba mtangazaji alisema naishi katika giza. Nilikuwa nimewaandalia ushahidi wa vipimo ambao hakuna mwenye macho angeweza kuutoa.

#7 KandaZaZamani (Moshi)

Dada SadoMoja, pole sana. Nimesoma nikasimama, nikatoka nje kidogo. Aliyekuuliza vile huenda ni mwenzangu, na huenda hata mimi ningeuliza vile.

Sitaki kujitetea, lakini nieleze habari ya mkoani ilivyokuwa inapatikana, kwa sababu ndani yake kuna jibu. Picha haikurushwa kwa intaneti. Nilimaliza kupiga, nikaandika karatasi ya maelezo, nikafunga kanda kwenye bahasha, nikampa kondakta wa basi la asubuhi stendi ya Moshi. Jioni ikafika stendi ya Ubungo, Dar, mtu wa kituo akaifuata. Ikibahatika inatoka kesho yake usiku. Nilikuwa nalipwa kwa habari iliyotoka tu. Kanda, mafuta na nauli ya bahasha vilikuwa juu yangu.

Kwa hiyo nilikwenda mahali ambapo kuna gari la kunichukua na kunirudisha. Na gari lilikuwa la mwenye hafla. Mtoaji wa msaada ana gari. Ofisi inayoteketeza bidhaa ina gari. Mama mwenye tairi lililopasuka kule Uru hana gari, na mnunuzi aliyepunjwa soko la Mbuyuni hana. Hivyo habari ya ulemavu ikawa ni makabidhiano, na habari ya mlaji ikawa ni moto wa dampo. Zote mbili anayesema ni yule aliyenibeba.

Kaka MekuWaKiboriloni, kaka yako alipata kiti na mimi nafurahi kwa moyo wote. Sijasema hafla isiwepo. Naomba unijibu moja: kile kiti kilidumu muda gani?

#8 MekuWaKiboriloni

Miezi saba.

Magurudumu madogo ya mbele yalikwisha kwenye kokoto. Nyumbani kwetu ni mlima na makorongo, kile kiti kilikuwa cha sakafu ya hospitali. Tukakiegesha nyuma ya banda la ng'ombe. Baadaye alikuja kupimwa hospitali ya KCMC, kwenye ile shule ya mafundi wa viungo bandia na viti, TATCOT, akapata cha magurudumu matatu kilicholingana na mwili wake. Hicho alikaa nacho miaka.

Hilo la miezi saba sikuwahi kulisema kwa mtu. Tuliona ni kukosa shukrani.

#9 MamaWaPasua (Moshi)

Naomba nichangie kwa upande wa ualbino. Mwanangu amezaliwa 2006. Mwaka 2008 habari za mauaji ya wenye ualbino zilipokuwa zinatoka kila wiki kutoka Kanda ya Ziwa, nilizima runinga nyumbani miezi kadhaa. Siwalaumu waandishi walioyaanika. Bila wao yangeendelea gizani, na wengine walihatarisha maisha yao. Ila waliomo kwenye picha walionyeshwa vidonda vyao bila kufunikwa, na neno lililotumika lilikuwa "zeruzeru". Mwanangu akaanza kuitwa "dili" hapa mtaani na watoto wenzake. Walilipata wapi kama si kwenye habari?

Na kuna muuaji mwingine asiyepigwa picha, naye ni jua. Madaktari wa ngozi wamesema miaka yote kwamba saratani ya ngozi ndiyo inayowamaliza mapema wenye ualbino wengi Afrika. Hili ni suala la dukani moja kwa moja. Mimi mama nilikuwa naenda duka la vipodozi kuuliza mafuta ya kuzuia jua, napewa losheni yoyote yenye picha ya jua na mnazi. Nyingine ilikuwa ya kung'arisha ngozi! Sikujua SPF, ile namba ya nguvu ya kuzuia jua, ni nini. Sikujua kwamba namba ikiwa ndogo haimfai mtoto wangu, kwamba yapakwe tena kila baada ya saa chache, kwamba yaliyopitwa na tarehe hayana maana. Pesa niliyotumia kwa miaka miwili kununua visivyofaa ingelipa ada.

Baadaye, hapa hapa Moshi, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha KCMC kilikuja kuanza kutengeneza mafuta yanayoitwa Kilisun, ambayo yamefikiriwa kwa ngozi ya mwenye ualbino na kwa hali yetu ya hewa. Niliyajua kwa kuambiwa na mama mwenzangu kliniki. Kutoka kwangu Pasua mpaka KCMC ni nauli moja ya daladala na kutembea kidogo. Runinga ilinionyesha mapanga ya mbali kabla haijanionyesha chupa iliyo jirani.

#10 MwalimuWaTengeru

Nimefundisha elimu maalum maisha yangu yote ya kazi, na wengi wa wanafunzi wangu walipitia Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalum. Mtaniwia radhi nikiandika kwa urefu.

Mwaka 1986 nilipata kozi fupi Birmingham, Uingereza. Kule nako kulikuwa na ITV, lakini haikuwa kituo kimoja kama hii yetu iliyoanza 1994. Ilikuwa ni kampuni za mikoa, kila moja na eneo lake. Manchester walikuwa na Granada, Leeds walikuwa na Yorkshire Television, na Birmingham ilikuwa ATV, ambayo tangu 1982 ikawa Central. Hao wa Birmingham walikuwa na kipindi kiitwacho Link, kilichoanza 1975. Kilikuwa kipindi cha watu wenye ulemavu, na mtangazaji wake, Rosalie Wilkins, alikuwa mwenyewe anatumia kiti mwendo. Baadaye, 1999, aliingia Bunge la Malord, baraza la juu la bunge la Uingereza.

Kilichonishangaza ni maswali. Sikumbuki kusikia "unajisikiaje". Walikuwa wanazungumza kuhusu majengo, usafiri, mafao, nani ana haki ya kuamua uishi wapi. Niliporudi Tanzania sikuwa na wa kumsimulia, maana Bara hatukuwa na runinga kabisa. Nyumba chache za Arusha zenye antena ndefu zilikuwa zinavuta matangazo ya Kenya.

Lakini msidhani wenzetu walikuwa malaika. ITV hiyo hiyo ilikuwa na Telethon, harambee ya saa nyingi mfululizo ya kuchangisha pesa kwa ajili ya misaada, nayo iliwaonyesha watu wenye ulemavu kwa namna ya kutia huruma ili wananchi watoe. Mwaka 1990 na tena 1992, watu wenye ulemavu wenyewe walikusanyika nje ya studio za London Weekend Television, moja ya kampuni za ITV, kuipinga. Ile ya 1992 ndiyo ikawa ya mwisho. Kwa hiyo kaka Meku, mjadala wako na mwenye uzi ulishafanyika barabarani London, viti mwendo vikiwa mstari wa mbele. Na nadhani wote wawili mna sehemu ya haki: pesa zilipatikana, na gharama yake ilikuwa ni sura ya mtu.

Sasa nirudi kwenye mwaka 2003 wa kanda yako, maana ni mwaka wenye mambo. Kenya walipitisha sheria ya watu wenye ulemavu, na kifungu cha 39 kikavitaka vituo vya runinga viweke mkalimani wa lugha ya alama au maandishi kwenye taarifa za habari, vipindi vya elimu na matukio ya kitaifa. Mwaka huo huo sisi tukapitisha Sheria ya Ushindani, namba 8, yenye sura nzima za kumlinda mlaji. Kwetu sheria ya watu wenye ulemavu ikaja 2010, namba 9, mwaka mmoja baada ya kuridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa, na mkataba huo katika kifungu cha 30 unataja vipindi vya runinga waziwazi kwamba viwe katika njia inayofikika.

Hapo ndipo naona mwanya. Sheria ya mlaji ina mlango wake, sheria ya ulemavu ina mlango wake, na vyumba vya habari vikaiga. Dawati la biashara likasema hilo la mzee wa Longuo ni la kijamii, dawati la jamii likasema hilo la king'amuzi ni la biashara. Sensa ya 2022 ilionyesha asilimia 11.2 ya watu wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa namna fulani. Katika foleni ya watu kumi pale benki, kwa wastani ni mmoja hivi. Ni wateja hao.

#11 MikonoInasema (Sakina, Arusha)

Mwalimu, maandishi au mkalimani, Kenya waliandika "au". Kwetu viziwi hilo "au" ni kubwa sana. Nisemavyo mimi: kwa tahadhari ya bidhaa na dawa, vyote viwili, na jina la bidhaa libaki kwenye skrini sekunde za kutosha mtu achukue kalamu. Hiyo haihitaji mkalimani wala bajeti. Ni kuandika jina moja.

#12 SadoMoja (Arusha)

Na lisomwe kwa mdomo pia, mdogo wangu. Siku hizi wanasema "namba ya kupiga ipo kwenye skrini yako." Skrini yangu iko kwenye masikio.

#13 KandaZaZamani (Moshi)

Yaani nyinyi wawili mmetengeneza taarifa bora kuliko nilizowahi kupeleka stendi. Jina liandikwe na lisomwe. Ni sekunde tano!

Nimezungumza na kijana mwenye duka la stesheneri jirani na Soko Kuu la Moshi, ana mashine ya kuhamisha kanda kwenda kwenye kompyuta. Nitahamisha zote zinazocheza. Sitaziweka mtandaoni ovyo, maana kuna sura za watu humo ambao hawakuulizwa hata siku ile. Mwalimu, nitakuletea nakala Tengeru. Wanafunzi wako wakiona sekunde zile za mwisho watajua nilichokosa.

Yule mama nimemuulizia. Kijijini wanasema alishafariki. Kiti kilitumika kama miezi kumi, tairi la nyuma likapasuka, mwanawe akazunguka Moshi nzima na tairi begani akaambiwa saizi hiyo hakuna.

#14 Spoku (Mbuyuni, Moshi)

Mimi ni fundi baiskeli, nasoma tu huwa siandiki. Ila hili la tairi linaniuma kwa sababu lina jibu.

Viti vingi vya msaada nyuma vina tairi linaloitwa inchi 24. Mtu anakuja dukani anasema nipe 24, anapewa la baiskeli ya mtoto, nalo limeandikwa 24. Akifika nyumbani haliingii. Anarudi, anaambiwa hakuna saizi yako. Sio kwamba hakuna, ni kwamba 24 ziko zaidi ya moja. Usisome hiyo namba kubwa. Tazama ubavuni mwa tairi kuna namba ndogo zenye kistari katikati. La baiskeli ya mtoto mara nyingi limeandikwa 47-507. La kiti mwendo mara nyingi ni 37-540, au 25-540 kama ni jembamba. Hiyo ya pili, 507 au 540, ndiyo kipenyo cha rimu kwa milimita. Hiyo lazima ilingane, hakuna kulazimisha. Viti vya magurudumu matatu vya njia mbaya vingine vinatumia 26 ya baiskeli ya milimani, 559, hizo zimejaa kila duka.

Tyubu haina ubishi sana, inavutika. Vigurudumu vya mbele ndivyo vigumu kupata, bora fundi wa kuchomelea abadilishe uma wake uingie kigurudumu kikubwa zaidi, kokoto hazitakisumbua sana.

Mwenye kiti asije na tairi begani. Apige picha ya ubavu kwa simu, au kama haoni mtu amsomee, aje na namba.

#15 SadoMoja (Arusha)

Spoku, zile namba za ubavuni zimechomoza? Zinashikika kwa kidole?

#16 Spoku (Mbuyuni, Moshi)

Zimechomoza dada. Tairi likiwa na vumbi lifute kwanza kwa kitambaa chenye maji. Zinashikika.